Sura ya Tano: Kijiji Kilichouza Baridi

Kwa karne nyingi watu wa bonde la Engadin, kusini mashariki mwa Uswisi, waliikimbia baridi yao. Walikuwa na msemo kwamba kwao mwaka una miezi tisa ya kipupwe na mitatu ya baridi tu. Ardhi iliwapa majani ya ng'ombe, shayiri kidogo na kuni. Haikuwapa cha kumtosha kila mtoto aliyezaliwa. Vijana wakafunga virago na kuvuka milima kwa miguu, na ufundi uliowapatia jina ugenini ulikuwa kuoka keki na kutengeneza vitu vitamu. Wengi walikuwa Venice hadi mwaka 1766, jamhuri hiyo ilipowafungia milango, kisha wakatawanyika mpaka Berlin, Warsaw na St. Petersburg. Waliofanikiwa walirudi wakati wa kiangazi kuwaona wazee na kukarabati nyumba, na kabla theluji haijashika walikuwa wamekwishaondoka. Wenyeji waliwaita mbayuwayu.

Kijiji kimoja cha bonde hilo leo huwatoza watu fedha ambazo ni mahali pachache Ulaya panapothubutu kutoza, ili waje kukaa ndani ya baridi ileile. Kinaitwa St. Moritz. Kimejengwa mita 1,800 na ushei juu ya usawa wa bahari, karibu sawasawa na Nairobi, ila Nairobi iko mlangoni pa ikweta na St. Moritz iko nyuzi 46 kaskazini, ambako kimo hicho maana yake ni ziwa linaloganda mwezi Desemba na kubaki jiwe hadi Aprili. Wakazi wake wa kudumu ni kama 5,000. Katika wiki za Krismasi na Februari huwezi kuwaona kwa wingi wa wageni.

Kabla ya theluji kilichowaleta watu hapa kilikuwa maji. Kuna chemchemi yenye chuma na gesi inayobubujika kutoka ardhini, na mbao zilizozungushiwa kisima chake enzi za shaba zimepimwa na kuonekana zilikatwa mwaka 1411 kabla ya Kristo. Paracelsus, tabibu maarufu wa karne ya 16, aliyasifu maji hayo katika maandishi yake. Kwa hiyo kufikia miaka ya 1850 kijiji kilikuwa na wageni wa kiangazi: walikuja Juni, wakanywa maji, wakatembea msituni, na Septemba ilipoanza kuuma wakapanda magari ya farasi kurudi kwao. Nyumba za wageni zikafungwa, na wenyeji wakabaki na miezi minane ya kungoja.

Hapo ndipo anapoingia Johannes Badrutt. Alikuwa amekwishaichukua nyumba ndogo ya wageni juu ya kilima na kuianza kama hoteli ya Kulm. Inasimuliwa kwamba jioni moja ya Septemba mwaka 1864 alikaa na wageni wanne Waingereza waliokuwa wakijiandaa kuondoka, akawaambia kwamba baridi ya Engadin si kama ya London: jua huwaka, na siku nyingine mtu anaweza kukaa nje bila koti. Waingereza wakacheka. Badrutt akaweka dau. Waje Krismasi, kama amewadanganya, atalipia nauli yao ya kuja na kurudi, na kama ni kweli, watakaa kwake kama wageni wa nyumbani kwa muda wautakao. Walikuja, wakavuka mlima wa Julier kwa sleji ya farasi wamejifunika manyoya, wakafika wakitokwa jasho, na Badrutt akawapokea mlangoni akiwa na shati tu. Wakabaki mpaka Pasaka.

Hadithi hii imesuguliwa na midomo mingi ya wenye hoteli, na sitaapa kwa kila kipande chake. Lakini kiini chake kina akili ya kweli ya kibiashara. Kila hoteli ya milimani iliuza kiangazi. Badrutt aliona kwamba mali yake kubwa ilikuwa ile miezi minane ambayo hakuna aliyeitaka, na kwamba mteja hataamini maneno mpaka ngozi yake ishuhudie. Na hakudanganya. Hewa ya bonde lile ni kavu, ukungu ni haba, kijiji kimekaa kwenye mteremko unaoelekea kusini, na theluji hurudisha mwanga wa jua usoni kutoka chini. Mtu aliyetoka London ya moshi wa makaa ya mawe, mji ambao adhuhuri ya Desemba taa zilikuwa zikiwashwa, alikuwa hajawahi kuona baridi ya namna ile.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Na kwa kweli mwenyeji alipona. Badrutt alikwenda kwenye Maonyesho ya Paris ya 1878, akaona taa za umeme, akazileta kwenye ukumbi wake wa kulia chakula, zikawa za kwanza nchini Uswisi. Mwanawe Caspar alifungua hoteli yake, Palace, mwaka 1896, na mnara wake hadi leo ndio unaotambulisha kijiji kwenye picha. Suvretta House ikafuata mwaka 1912 na Carlton mwaka 1913. Kijiji kilichokuwa kikihamisha vijana wake sasa kiliagiza watu kutoka nje kuja kufanya kazi. Katika kizazi kimoja, mwelekeo wa safari ulikuwa umegeuka.

Wageni hao wa mwanzo hawakuja kuteleza kwa skii, jambo ambalo wasomaji wengi hushangaa wakilisikia. Skii ilikuja baadaye. Walikuja kupumua, kucheza karata na kunywa. Na kwa kuwa walikuwa vijana wa kiume wenye fedha nyingi na kazi haba, wakaanza kuchezea vitu vya wenyeji. Kibao cha kubebea kuni kwenye theluji wakakigeuza chombo cha mashindano. Wakajirusha nacho kwenye njia za kijiji mpaka wapita njia wakaanza kulalamika, na wenye hoteli, waliohofia kupoteza mgeni na mwenyeji pia, wakawatafutia mahali pao. Ndivyo ilivyozaliwa Cresta Run katika kipupwe cha 1884 na 1885: mfereji wa barafu wa mita 1,200 hivi unaojengwa upya kila mwaka, ambao mtu huushuka amelala kifudifudi, kichwa mbele, kidevu kikiwa inchi chache tu juu ya barafu, na mwendo huweza kupita kilomita 120 kwa saa. Klabu inayoumiliki ilianzishwa mwaka 1887. Kuanzia 1929 wanawake walizuiwa kuutumia, na ni mwaka 2018 tu wanachama walipopiga kura kuwafungulia tena. Miaka 89 ni muda mrefu kwa watu kukatazwa kuanguka kwa hiari yao wenyewe.

Kuwafikisha wageni hao, reli ilibidi ipande milima. Njia ya Albula ilifika St. Moritz mwaka 1904, na leo imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, kwa haki kabisa, maana madaraja yake ya mawe na mizunguko yake ndani ya mlima ni kazi ya kuvulia kofia. Ni nadra mtu kukumbuka handaki la Albula lenyewe. Lina karibu kilomita sita, lilichimbwa kati ya 1898 na 1903 kwa baruti na mikono, katika maji baridi yaliyobubujika kutoka kwenye miamba, na vibarua 16 walifia humo. Wengi wa waliochimba walikuwa Waitaliano. Hadi mwaka 2024 abiria wa daraja la kwanza alilipita kwa dakika chache, glasi mkononi.

Michezo ya Olimpiki ya kipupwe imefanyika hapa mara mbili, mwaka 1928 na 1948, na kila mara ilifichua jambo ambalo matangazo ya kijiji hayalisemi.

Mwaka 1928 ilifichua kwamba baridi si mtumishi wa mtu. Katikati ya mashindano upepo wa joto unaoshuka kutoka milimani, ambao watu wa Alps wanauita föhn, ulivuma bondeni. Siku ya mbio za skii za kilomita 50 joto lilipanda hadi nyuzi 25, na washindani wakasukumana na theluji iliyogeuka uji. Mbio za kuteleza kwenye barafu za mita 10,000 ziliachwa katikati kwa sababu uwanja ulikuwa unayeyuka chini ya viatu vyao, na Irving Jaffee wa Marekani, aliyekuwa anaongoza, akaondoka bila medali. Haya yalitokea karibu miaka mia moja iliyopita, kabla ya mabadiliko ya tabianchi kuwa gumzo la watu.

Mwaka 1948, wakati vita vimekwisha na miji mingi ya Ulaya ingali vifusi, St. Moritz ilichaguliwa kwa kuwa Uswisi haikupigana na hoteli zake zilikuwa zimesimama. Katika mfereji wa Cresta, uwanja wa wanachama wenye majina ya ukoo marefu, medali ya dhahabu ilichukuliwa na Nino Bibbia. Alikuwa amezaliwa Bianzone, upande wa pili wa mpaka, katika bonde la Valtellina nchini Italia, akaletwa St. Moritz akiwa mtoto, na familia yake iliuza matunda na mboga kijijini. Hiyo ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Italia katika Olimpiki za kipupwe. Baadaye alishinda mashindano zaidi ya 200 kwenye mfereji huohuo. Katika historia yote ya kijiji hiki hakuna mtu ninayempenda kama muuza matunda huyu. Wenye klabu walimheshimu, na walikuwa na sababu: barafu haimuulizi mtu baba yake alikuwa nani, ndiyo maana ilikuwa mahali pekee kijijini ambapo mtoto wa genge la mboga na mtoto wa lodi walipimwa kwa saa moja ileile.

Kwingineko kijijini walipimwa kwa vipimo tofauti. Baada ya vita wateja walibadilika. Wafalme waliopoteza viti walikuja bado, lakini waliolipa walikuwa watu wa meli, mafuta na viwanda. Familia ya Agnelli ya kampuni ya Fiat ilifanya St. Moritz nyumba yake ya kipupwe. Shah wa Irani alikuwa na vila kwenye mteremko wa Suvretta na alikuja na msafara wake kuteleza, mpaka mapinduzi yalipomng'oa. Stavros Niarchos, tajiri wa meli kutoka Ugiriki, hakuridhika kuwa mgeni: aliweka fedha zake katika nyaya na mitambo inayopandisha watu mlimani, na familia yake imekuja kuwa mmiliki wa Kulm, hoteli ileile aliyoianzisha Badrutt. Gunter Sachs, Mjerumani mrithi wa viwanda, alikaa kwenye mnara wa Palace na mwaka 1974 akaanzisha Dracula Club, ambayo huingii bila kualikwa.

Klabu hizo zinastahili kutazamwa kwa makini, maana ndizo zinazoeleza kwa nini tajiri huja hapa na asiende kuteleza kwenye mlima mwingine wenye theluji nzuri zaidi na bei ya nusu. Fedha hununua chumba cha hoteli. Fedha nyingi zaidi hununua vila, kama sheria itakuruhusu, kwa sababu kwa miongo mingi sasa Uswisi imewabana wageni wanaotaka kununua nyumba za mapumziko. Lakini Corviglia Club, iliyoanzishwa mwaka 1930, haiuzi uanachama mlangoni. Unahitaji kujulikana, kupendekezwa, kukubaliwa. Bilionea wa juzi anaweza kuegesha ndege yake kwenye kiwanja cha Samedan, mita 1,707 juu ya bahari, akachukua ghorofa nzima ya hoteli, na bado akakuta pana mlango mmoja anaopaswa kungoja nje. Nadhani mlango huo ndio unaomrudisha kila mwaka. Kijiji kimeelewa tangu zamani kwamba mtu aliyekwisha kuwa na kila kitu atalipia zaidi kile ambacho hakiuziki, na wale waliokwisha kuingia watalipia kubaki ndani.

Jukwaa la yote haya ni ziwa. Tangu 1907 farasi hukimbizwa juu ya barafu yake kwa Jumapili tatu za Februari. Mahema ya karamu husimikwa, makoti ya manyoya hutolewa makabatini, na katika mbio moja wapanda farasi hawapandi kitu: hukokotwa nyuma ya farasi wakiwa kwenye skii, wameshika hatamu ndefu, na barafu iliyotupwa na kwato huwapiga usoni. Polo ya kwenye theluji ilianza hapohapo mwaka 1985. Ukiwa na fedha na usipoonekana ziwani mwezi Februari, ni kama hukuja. Na watu wa kijiji hupima unene wa barafu hiyo kwa tahadhari ya mtu anayekagua daraja, maana wanajua kilicho chini. Tarehe 26 Februari 2017 maji yalipenya kwenye ufa, farasi wakaanguka katikati ya mbio, mmoja akafa, mpanda farasi akaumia vibaya, na mbio zilizobaki zikafutwa.

Jina lenyewe la kijiji sasa ni mali iliyosajiliwa. Nembo ya jua ilisajiliwa katika miaka ya 1930, na katika miaka ya 1980, chini ya mkurugenzi wa utalii Hans Peter Danuser, maneno "St. Moritz" yakawa alama ya biashara, jambo ambalo mahali pengine hapakuwa pamelifanya. Danuser alielewa kwamba wageni wanaokuja kwa ajili ya theluji ni wachache kuliko wanaokuja kwa ajili ya jina.

Hata hivyo theluji lazima iwepo, na siku hizi haiachiwi mawingu peke yao. Kwenye miteremko ya Corviglia, mlima ulio juu ya kijiji, mabomba yamezikwa ardhini, na usiku wa Novemba wenye baridi ya kutosha mizinga hupuliza maji na hewa iliyoshindiliwa ili matone yagande kabla hayajatua. Inahitajika hewa iliyo chini kidogo ya sifuri na kavu; usiku wa joto, fedha zote za Suvretta haziwezi kutengeneza hata kiganja kimoja. Njia ya skii iliyofunguliwa mwanzoni mwa Desemba mara nyingi ni kazi ya mafundi hawa. Upande wa pili wa bonde, chini ya mlima Piz Bernina, barafu ya kale ya Morteratsch imerudi nyuma zaidi ya kilomita mbili na nusu tangu ilipoanza kupimwa mwaka 1878. Njia ya kuifikia ina vibao vyenye miaka, kila kimoja kikionyesha barafu ilipoishia mwaka huo, na mtu hutembea kutoka kibao hadi kibao zaidi ya nusu saa kwenye mawe matupu kabla hajaiona barafu yenyewe. Mwanasayansi wa bonde hilo, Felix Keller, amekuwa akitetea wazo la kuifunika sehemu ya barafu hiyo kwa theluji ya kutengenezwa ili kupunguza kuyeyuka kwake. Ni wazo la mtu anayekipenda kitu na haoni haya kujaribu.

Sasa nirudi kwa watu wa kazi, maana kwao ndiko kuna kiini cha sura hii.

Kuna mfereji mwingine wa barafu, mkubwa kuliko wa Cresta, unaoshuka kutoka St. Moritz hadi kijiji cha Celerina kwa ajili ya mbio za bobu, zile sleji nzito za watu wawili au wanne. Ulifunguliwa mwaka 1904 na urefu wake ni mita 1,722. Mifereji mingine ya mashindano ya bobu duniani ni ya zege, yenye mabomba ya kugandisha kama jokofu. Huu hauna zege. Kila mwaka, kuanzia mwisho wa Novemba, kikosi cha wanaume kutoka South Tyrol, upande wa Italia unaosema Kijerumani, huja na majembe na mabomba ya maji na kuujenga upya wote kwa theluji na maji tu. Hulowesha theluji mpaka iwe kama udongo wa kufinyangia, hupanga kuta za kona kwa mkono, hunyoosha kwa jicho, hungoja igande, hupaka maji tena. Kona inayobeba sleji inayopita kwa zaidi ya kilomita 130 kwa saa imepimwa na kiganja cha mtu. Baba humfundisha mwana. Mwezi Machi jua huuchukua mfereji wote. Wageni wengi wanaolipa kushuka na dereva kwa dakika moja na robo hawajui kwamba walichokipita ni kazi ya sanaa ambayo mwaka ujao itaanza upya kutoka kwenye nyasi.

Hawa angalau wana sifa. Wapo wasiotajwa. Saa kumi na moja alfajiri, katika miezi ya msimu, msururu wa taa za magari hupanda kutoka Chiavenna nchini Italia kupitia mpaka wa Castasegna hadi mlima wa Maloja, na mwingine huja kutoka Valtellina kuvuka Bernina, mita 2,300 na zaidi. Ni wasafisha vyumba, mafundi bomba, waashi, wapishi, wauguzi, wauzaji wa maduka. Wana kibali kinachowaruhusu kufanya kazi Uswisi na kulala Italia. Theluji ikianguka nyingi barabara hufungwa, na anayekwama upande wa nyumbani amekosa siku ya kazi, anayekwama upande wa kazini amekosa kitanda. Mgeni anapofungua mapazia saa tatu, njia imekwishazolewa theluji, mkate umetoka tanuri, na taulo limekunjwa. Hakuna kati ya mambo hayo lililotokea lenyewe.

Waliowatangulia walikuwa na hali mbaya zaidi. Kwa miongo mingi Uswisi ilitoa kibali cha msimu: Mwitaliano, baadaye Mhispania, Mreno au Myugoslavia, aliruhusiwa kukaa miezi tisa, kisha aondoke, na hakuruhusiwa kuleta mke wala mtoto. Hoteli na viwanja vya ujenzi nchini kote viliendeshwa kwa kibali hicho. Wazazi wengi hawakuvumilia, wakaleta watoto kwa siri, na watoto hao wakaishi vyumbani mchana kutwa, mapazia yamefungwa, wamekatazwa kucheka kwa sauti au kusogea dirishani, kwa kuwa jirani mmoja angetosha kuwafanya wafukuzwe. Wengi hawakwenda shule kwa miaka. Kibali hicho kilifutwa mwaka 2002, siku za karibuni kabisa. Watoto wale sasa ni watu wazima, na baadhi yao wamejitokeza na kudai nchi iwaombe radhi. Wana haki ya kuombwa radhi. Wakati Dracula Club inacheza muziki hadi alfajiri, mahali fulani katika nchi hiyohiyo mtoto alikuwa anafundishwa kutopiga kelele.

Leo mkataba wa kitaifa wa sekta ya hoteli unampa mfanyakazi asiye na cheti mshahara wa chini unaokaribia faranga 3,700 kwa mwezi kabla ya makato. Kwa hesabu ya Mombasa au Dar es Salaam ni fedha nzito. Kwa hesabu ya St. Moritz, ambako mita moja ya mraba ya nyumba nzuri huzidi faranga 20,000, ni kufanya kazi zaidi ya miezi mitano bila kula wala kuvaa ili upate mahali pa kuweka meza. Hoteli kubwa huwapangishia wafanyakazi wake vyumba. Lakini mwalimu, fundi umeme, polisi na kijana mzaliwa wa kijiji anayetaka kuoa hawana hoteli ya kuwatafutia chumba.

Tatizo si kwamba nyumba hazipo. Zaidi ya nusu ya nyumba za St. Moritz ni za mapumziko, zinazotumika wiki chache kwa mwaka. Katikati ya Novemba unaweza kupita mtaa mzima usione dirisha lenye taa. Nyumba hizo hupashwa joto ili mabomba yasipasuke, huwekewa walinzi, na hazina mtu. Waswisi wenyewe wameliona hilo. Tarehe 11 Machi 2012 walipiga kura na kwa asilimia 50.6 wakakubali kwamba kijiji au mji ambao nyumba zake za mapumziko zimefika asilimia 20 usijenge nyingine. Miji ya tambarare ilisema ndiyo kwa wingi. Milimani wengi walisema hapana, kwa hofu kwamba waashi watakosa kazi.

Lugha nayo ilikuwa imekwishahama. Mwaka 1880 nusu ya watu wa St. Moritz walisema Kiromanshi, lugha ya wenyeji wa bonde, na kwa lugha hiyo kijiji kiliitwa San Murezzan. Leo utasikia Kijerumani, Kiitaliano, Kireno na Kiingereza. Wanaosema Kiromanshi kama lugha yao ya kwanza hawafiki mmoja kati ya kumi. Hakuna aliyewakataza. Mtoto aliyetaka kazi hotelini alijifunza lugha ya mgeni, akaoa aliyekutana naye kazini, na wajukuu wakasema kingine.

Sheria iliyotokana na kura ya 2012 ilikusudiwa kuwalinda wakazi, lakini ina tundu ambalo limewaumiza. Nyumba iliyokuwapo kabla ya kura ile iko huru: mwenyewe anaweza kuiuza kama ya mapumziko wakati wowote. Na kwa kuwa mpya haziruhusiwi tena, hizo za zamani, zenye sakafu zinazolia na dari fupi, ambazo ndimo wakazi wa kawaida walimopanga kwa kodi ya kuvumilika, zimepanda bei kuliko wakati mwingine wowote. Mnunuzi huja kutoka Zurich, Milan au London, hulipa, hubomoa ndani na kuacha kuta za nje. Anayepanga hupewa barua ya kuondoka. Baadhi ya halmashauri za Engadin ya Juu zimeanza kutenga viwanja kwa ajili ya wakazi wa mwaka mzima, na nadhani zilichelewa kwa miaka thelathini, kwa sababu kila faranga iliyopatikana kwa kuuza kiwanja ilionekana faida mpaka siku watu wa kuzima moto walipoanza kuwa wachache.

Fundi anayekagua nyaya zinazowapandisha wageni hadi Piz Nair anaweza kupata barua hiyo mwezi Machi. Atatafuta St. Moritz, hatapata. Atatafuta Samedan na Pontresina, atakuta bei zimewafuata watu waliohama kabla yake. Mwishowe atachukua nyumba Zernez, kilomita thelathini na kitu chini ya bonde, au Chiavenna, ng'ambo ya mpaka, ambako kodi ni ndogo kabisa na watoto watasoma kwa Kiitaliano. Na msimu ukianza naye ataingia kwenye ule msururu wa saa kumi na moja, ili saa mbili na nusu nyaya ziwe zimekaguliwa na gari la kwanza liwe tayari.